Sinema Aliyoichagua Nzioka

Mliniacha jikoni nimepiga magoti mbele ya mafiga, nachoma kitabu cha mume wangu ukurasa mmoja mmoja. Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita nitarudia kwa ufupi, maana ya leo ni mazito na yanataka nafasi.

Mume wangu, Mwalimu Kivuva, alichukuliwa na polisi mchana kweupe akiwa darasani hapa mjini Wote, chaki mkononi. Walisema anafundisha kitabu kibaya, hadithi ya Kizungu kuhusu nchi ambayo mtawala wake anaabudiwa na raia hawana ruhusa hata ya kunung'unika. Wakapekua nyumba, wakapasua godoro, wakagonga kuta kama wanaotafuta maji. Kitabu hawakukipata, kwa sababu kilikuwa ndani ya gunia la ndengu. Kivuva aliapa kwamba hakuwahi hata kukiona, na wakaenda naye hivyo hivyo.

Aliyemchongea nilimjua. Ni Nzioka, mwenye duka la nafaka, mwenyekiti wa vijana wa chama na mzee wa kanisa letu. Chama kilikuwa kimoja tu siku hizo, hakikuhitaji kutajwa jina. Kosa la Kivuva lilikuwa kusimama katika mkutano wa wazazi na kuuliza mabati ya harambee yalikwenda wapi. Darasa jipya lilikuwa na kuta lakini halina paa, na watoto walisomea juani. Kina mama walikuwa wameuza kuku na mbuzi ili mabati yale yanunuliwe. Nzioka alicheka, akasema mwalimu ana maswali ya vitabuni. Haukupita muda polisi wakaja.

Ofisi nilimokuwa karani kule Kiboko nayo ikaniambia nipumzike nyumbani, na kila mtu alijua maana yake. Ndipo nikaanza kukichoma kitabu. Lakini kabla ukurasa haujaingia motoni niliusoma, nikaurudia, nikaurudia tena, huku muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ukichemka. Nilitaka kujua ni kitu gani hiki kilichomla mume wangu. Nilipomaliza, kitabu kilikuwa majivu na maneno yake yalikuwa yamekaa kichwani mwangu kama nyimbo za Jumapili.

Wapo watakaosoma ya leo na kusema mimi Ndinda, mama yake Muli, nina roho mbaya. Ninayo. Sikuzaliwa nayo. Nilipewa na Nzioka, na mimi sikulelewa kukataa zawadi.

Aliyeniokoa na njaa alikuwa Ugas. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini. Alileta mbuzi minadani Kyuso na Kitui, akawauza, akapitia Nairobi kukodi mikebe ya sinema, kisha akazunguka nayo kwenye masoko yetu na mashine yake na jenereta. Alikuwa Mwislamu mtaratibu, mtu wa maneno machache. Watu wetu wengi hawakujua Kiingereza, kwa hiyo alihitaji mtu wa kusimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea picha akiwa na kipaza sauti, asikie Kiingereza na kukimwaga kwa Kikamba papo hapo. Sauti ya sinema ilipunguzwa, ya kwangu ikapandishwa. Mcheza sinema akifungua mdomo, aliyesikika ni mimi. Nilikuwa bwana na bibi, jambazi na polisi, na mara nyingine farasi.

Kabla ya Siku ya Madaraka, Nzioka alimjia Ugas akitaka sinema. D.O. mpya, mkuu wa tarafa yetu, angekuja, na baada ya hotuba Nzioka alitaka watu waonyeshwe kitu kikubwa kanisani, kwenye ule ukumbi wa pembeni. Sinema za majosho ya ng'ombe na mbolea zilikuwa zimemchosha kila mtu.

D.O. mwenyewe alitoka magharibi mwa nchi na hakujua Kikamba hata cha kuombea maji. Katika kila baraza mkalimani wake alikuwa Nzioka. Na Nzioka alikuwa na ukalimani wake. Siku moja Mama Kalunde, kiongozi wa kina mama wa kanisa, alisimama akalalamika kwa Kikamba kwamba pampu ya kisima imekufa na wanatembea hadi mtoni kuchimba maji mchangani. Nzioka akamgeukia D.O., akasema mama huyu anashukuru serikali kwa maji. D.O. akapiga makofi. Kiswahili cha kina mama wetu ni cha sokoni, lakini uongo waliusikia wote, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha mwenyekiti mbele ya bunduki za askari.

Kati ya mikebe ya Ugas ulikuwamo mmoja mpya. Jina la sinema sikulijua, maana watu wa sinema hubadilisha majina wanavyotaka. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mwandishi wa kitabu kilichogeuzwa kuwa sinema hiyo. Jina hilo nililijua. Nilikuwa nimelitia motoni kwa mkono wangu.

Nzioka alisema atazame kwanza. Alitazama mkanda wa kwanza tu, kwa sababu petroli ya kuonja sinema ilitoka mfukoni mwake, na Nzioka na mfuko wake walikuwa wachumba. Huo mkanda wa kwanza ni gwaride tupu. Watu wamejipanga mistari, bendera zinapepea, watoto wanaimba, na sura ya mtawala, anayeitwa Mlezi, imechorwa kwenye kila ukuta kubwa kuliko nyumba. Nzioka alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Hii ndiyo disipilini," alisema. "Ona vile wamesimama. Mama Muli, hii sinema inaongea nini?"

"Inaongea nchi moja ambayo kila mtu anampenda kiongozi," nikamwambia.

"Na mwisho iko sawa?"

"Mwisho kila mtu anajulikana ni nani."

"Basi ni hii. Hata D.O. atajua sisi si watu wa msituni."

Sikumdanganya hata neno. Alipoondoka, Ugas alifuta lenzi yake polepole, akaniambia mikanda mingine hajaiona lakini mimi ameniona. Akauliza sinema hii ina nini ndani. Nikamwambia ina Nzioka.

Alifikiri. Akanikumbusha kwamba yeye ni mtu wa kupita, tena wa kaskazini, na nyumba ikiungua watu kama yeye huulizwa kwanza kiberiti kiko wapi. Nikamsihi. Nikamwambia amekodiwa tu, aliyechagua ni mwenyekiti mwenyewe mbele ya macho yetu. Mwishowe akakubali kwa sharti moja.

"Mama, mimi nitazungusha," alisema. "Lakini ukiona mkono wangu juu, nyamaza. Usiulize kwa nini. Nyamaza."

Nikamwahidi. Ile ahadi ndiyo iliyokuja kunitesa.

Kwa kuwa sinema ingeonyeshwa alasiri, madirisha ya ukumbi yalipaswa kuzibwa. Nzioka akanituma ghalani kwake nichukue magunia matupu. Niliingia, nikaegemea rundo la magunia, nikainua macho.

Upande wa ndani wa mabati ya ghala lile palikuwa na herufi za rangi nyekundu, kubwa, bati baada ya bati. Zilikuwa herufi za jina la shule yetu. Kivuva mwenyewe ndiye aliyeyaandika mabati yale siku yaliposhushwa, ili yasiibiwe. Mwandiko ule niliujua, ndio ulioniandikia barua za uchumba. Nzioka alikuwa ameyageuza, akapaka rangi upande wa juu, akapigilia misumari, akafungia mahindi yake chini ya mwandiko wa mume wangu.

Sisi ni watu wa upinde. Babu zetu hawakutoka na mshale mmoja. Wa pili nikautia kwenye podo, nikabeba magunia, nikatoka kimya.

Nzioka alikuwa mlangoni pa duka. Aliniangalia kwa uso ambao nilidhani ni wa kejeli.

"Siku ya Madaraka niko na zawadi yako, Mama Muli," alisema. "Wewe vumilia tu."

Nikamwambia nami ninayo yake. Akacheka. Kama ningemuuliza zawadi gani, hadithi hii ingekwisha leo kwa vigelegele. Sikuuliza. Hasira haiulizi maswali.

Siku ikafika. Hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida, kwaya yetu ikaimba, D.O. akanywa soda, tukaingia ukumbini. Magunia yalining'inia madirishani yakinuka ndengu. D.O. akakalishwa mbele, karibu na spika ya mashine, kwa sababu yeye ndiye peke yake aliyetaka kusikia Kiingereza chenyewe. Nzioka akakaa kando yake, kifua mbele, kama aliyeitengeneza sinema kwa mikono yake. Kina mama wa kanisa walijaza mabenchi ya katikati. Nikasimama mahali pangu kando ya kitambaa.

Mkanda wa kwanza ulipigiwa makofi. D.O. alitikisa kichwa kwa heshima. Nzioka aligeuka mara kadhaa kuhakikisha watu wanamwona akiwa radhi.

Mkanda wa pili ndio uliomwingiza mchora ukuta. Ni fundi anayelipwa kuchora sura ya Mlezi mjini kote. Siku moja amechoka, amechora tangu alfajiri, anapofika kwenye macho anayachora yamefumba. Anasema hata yeye apumzike. Jirani yake anapita. Ni mtu mwenye duka, mnene kiasi, anayependa kusalimia watu kwa mikono miwili. Anayaona macho yamefumba, anamsifu fundi kwa kazi nzuri, kisha anakimbia kwa wakubwa kumchongea. Kesho yake fundi amefungwa, na jirani amepewa nyumba ya fundi.

Nilitafsiri sawasawa. Sikuongeza chumvi. Yule jirani alipoongea nilimpa tu sauti anayostahili, ile ya mtu anayekohoa kidogo kabla ya kusema uongo, na kila mtu pale alijua ni nani hukohoa hivyo katika baraza.

Benchi la kwanza la kina mama likageuka kumtazama Nzioka. Kisha la pili. Mtu mmoja nyuma akacheka na kujiziba mdomo. Hata gizani niliona shingo ya Nzioka ikiingia mabegani.

Alisimama, akamwendea Ugas, akamwambia azime mashine, imeharibika. Ugas akamjibu kwa upole kwamba haijaharibika. D.O. akageuka kwenye kiti.

"Wacha iendelee," alisema. "Si wewe ulichagua, Mwenyekiti? Nataka kuona vile inaisha."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo sababu ilitisha. Nzioka akarudi akakaa. Ndugu zangu, nimekula karamu nyingi, nimekula nyama ya Krismasi na pilau ya arusi. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama uso wa Nzioka alasiri ile. Za mwizi ni arobaini, na nilikuwa nimesimama pale na kipaza sauti kumtangazia ya mwisho.

Ugas alisimamisha mashine kubadilisha mkanda. Mlango ukafunguliwa kuingiza hewa, na mwanga ukatupiga machoni. Askari wawili wakaingia kutoka kwenye Land Rover ya D.O. Kati yao alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililomzidi. Wakamkalisha benchi la mwisho.

Alikuwa Kivuva.

Nilishika kile kitambaa cha sinema nisianguke. Aliniona, akatabasamu kidogo upande mmoja kama anavyofanya akiwa na siri nzuri. Jino la mbele halikuwapo.

Nzioka alinisogelea, jasho likimtiririka, akaninong'oneza kwa Kikamba. Aliniambia ile ndiyo zawadi aliyonitajia. D.O. alikuwa amwachilie Kivuva leo, mbele ya watu wote, baada ya sinema, kwa sababu kitabu hakikupatikana na hakuna shahidi. Yeye Nzioka alikuwa amepangiwa kusimama na kusema neno la kumsamehe, ili watu waone moyo wake. "Sasa wewe unanifanyia hivi," alisema, "siku ya furaha yako mwenyewe."

Mtu mwenye akili angezima kipaza sauti hapo hapo. Angesema koo limekauka, angekaa chini, angengoja mume wake aachiliwe. Kilichobaki kilikuwa mkanda mmoja tu na hotuba fupi. Lakini nilimtazama Nzioka akirudi kwenye kiti, nikaona moyo wake huo wa kusamehe. Amsamehe Kivuva? Kwa kosa gani? Damu ikanipanda. Nilitaka vyote viwili, mume wangu atoke na Nzioka azame, tena siku ile ile, tena chini ya paa moja. Mungu si Athumani, nikajiambia, amenipangia vyote.

Mkanda wa mwisho ukaanza. Ulianza gerezani, kisha fundi akatolewa kupelekwa kwa hakimu. Nilijua tunaelekea wapi. Yale maneno anayojibu fundi mbele ya hakimu ndiyo niliyoyasoma mara nyingi kuliko yote, ukurasa ambao nilishindwa kuutia motoni hadi muthokoi ukaungua.

Sikutazama tena kitambaa. Nilimtazama Nzioka, nikasema.

Nilisema kwa Kikamba safi, polepole, kila mtu asikie. "Hakuna aliyenituma kuyafumba macho yake. Niliyafumba ili na sisi tulale. Jirani yangu ameniuza, na mimi simlaani. Atalala nyumbani kwangu, chini ya paa langu. Na kila mvua ikinyesha juu ya paa hilo, ataisikia ikilitaja jina langu mpaka siku anayokufa."

Mama mmoja alikuwa akilia. Nami nilikuwa nimejaa utamu mpaka masikioni, nikangoja hakimu ajibu nimtafsiri na yeye.

Hakimu hakujibu.

Niligeuka kwenye kitambaa. Fundi alikuwa bado anapandishwa ngazi za mahakama. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Hakuwa amefika hata mbele ya hakimu.

Ndipo nikagundua kwamba spika ya mashine haitoi hata mkoromo. Nikamtazama Ugas. Mkono wake ulikuwa juu, umenyooka. Ulikuwa juu kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuutegemeza kwa mkono mwingine.

D.O. akasema madirisha yafunguliwe. Magunia yakashushwa, na fundi akafifia kwenye kitambaa akiwa katikati ya ngazi. D.O. akamuuliza Ugas imekuwaje. Ugas akaeleza kwamba ndani ya mashine kuna taa ndogo inayosoma sauti, na hiyo taa imeungua, picha ikabaki peke yake.

"Niliona Kiingereza kimenyamaza, nikadhani ni masikio yangu," D.O. alisema. "Sasa huyu mama alikuwa anatafsiri nini?"

Alinyoosha mkono, akaletewa mkebe. Akausoma juu, akashuka kwenye zile herufi ndogo, akakaa hapo. Alilijua jina lile, bila shaka alikuwa amelisoma kwenye faili la kesi ya mume wangu. Akainua macho akamtazama Kivuva benchi la nyuma, kisha mimi.

Na Nzioka, aliyekuwa amezama hadi kwenye pua, akaona kamba.

"Bwana D.O.," alisema akisimama, "huyu mama amesema maneno ya mbele. Mtu wa sinema hajafungua mdomo, yeye ameshamaliza. Hii sinema imefika juzi, na tuliona mkanda wa kwanza peke yake. Aulizwe hayo mengine ameyasoma wapi. Aulizwe kile kitabu tulitafuta."

D.O. akanigeukia. Akaniuliza bila haraka, nilikisoma wapi. Nikasema nilibahatisha. Akauliza kama mtu anaweza kubahatisha hotuba nzima. Mdomo ulikuwa umeponza vichwa viwili, na kimoja si changu.

Mbao za benchi la nyuma zikalia. Kivuva alikuwa amesimama.

"Kitabu kilikuwa changu," alisema. "Mke wangu hajakigusa. Mimi ndiye nilimsimulia, akashika kwa kichwa. Yeye mwacheni."

Muda wote ule kule ndani walimnyima usingizi, wakamng'oa jino, na sentensi ile hawakuipata. Mimi nimewapatia bure, kwa kipaza sauti, siku ambayo angelala nyumbani. Niliona askari akitoa tena pingu mshipini. Nikamwona Nzioka akiketi taratibu, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine, akatabasamu.

Hakupaswa kutabasamu. Nawaambieni kweli, kama asingetabasamu ningeanguka chini nilie kama mke yeyote.

Nilikiinua kipaza sauti. Sikutumia Kiswahili wala Kiingereza. Nilisema kwa Kikamba, kwa kina mama waliouza kuku na mbuzi. Nikawaambia mabati ya darasa la watoto wetu yako juu ya ghala la Nzioka, yamegeuzwa na kupakwa rangi. Nikawaambia wasiniamini mimi, waende wenyewe sasa hivi, waingie ndani, wainue macho. Wataona jina la shule kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wa Mwalimu Kivuva. Nikawaambia hicho ndicho kitabu alichofungiwa mume wangu, na Nzioka hulala karibu nacho kila siku.

Nzioka aliruka. Akamwamuru Ugas azime maiki. Ugas alikuwa na vidole kwenye kitufe cha sauti. Alinitazama, akakumbuka labda kwamba yeye ni mtu wa kupita, kisha akakizungusha kitufe upande wa kulia, na neno langu la mwisho likatoka kubwa hata barabarani likasikika.

Watu walianza kusimama, benchi kwa benchi. Hakuna aliyepiga kelele, na hiyo ilimfanya D.O. ainuke pia. Alitazama nyuso zile, asielewe kitu. Akanyoosha mkono, yule askari mwenye pingu akasimama alipokuwa, mkono wa Kivuva ukiwa ndani ya wake.

"Mwenyekiti," D.O. alisema. "Huyu mama amewaambia nini hawa watu?"

Nzioka akakohoa.

"Wewe ndiye mkalimani wangu siku zote," D.O. akaendelea. "Nitafsirie. Neno kwa neno."

Nzioka alitoa leso, akafuta paji la uso, akafuta na shingo. Alinitazama mimi, akamtazama Kivuva, akawatazama kina mama waliokuwa wameziba njia ya mlangoni.

"Huyu mama," alianza, "huyu mama anashukuru serikali…"

Mama Kalunde alipita mbele ya wengine, kitambaa cha kanisa kichwani, akasimama mahali D.O. anapoweza kumwona vizuri. Katika maisha yake yote hakuwa amesema Kiswahili mbele ya mkubwa.

"Anza tena, Nzioka," alisema kwa Kiswahili. "Polepole. Leo sisi wote tunasikiza."